Kinshasa ni saa mbili: saa mbili za nani?

Juma lililopita mama mumoja alikuja kwenye biro yetu ya sendika na karatasi zake ndani ya mufuko wa plastiki. Bwana yake alikufa kazini, ndani ya karieri, kwa kampani moja ndogo yenye inafanya kazi chini ya kampani kubwa, ile tunaita sutretansi. Dosye ya mama ilitoka hapa Lubumbashi, ikafika Kinshasa, na Kinshasa wakajibu kama karatasi moja inakosa, tena inaomba mutu alete ile ya kweli, hapana fotokopi. Mama akauliza: "Baba delege, Kinshasa iko mbali ginsi gani?"

Nikajibu bila kufikiri, sawa vile watu wote wanajibuka: "Mama, Kinshasa ni saa mbili."

Akafurahi. "Paka saa mbili? Basi mutatoka asubui, na mangaribi munarudi."

Nilisikia haya. Juu nilisema kweli, na tena nilimudanganya. Mama hajapanda ndeke hata siku moja. Kwake saa mbili ni saa mbili: ni kutoka Katuba na miguu, kufika kati ya muji, kuuzisha, kurudi. Nilikaa pale na kuanza kumueleza, na kadiri nilieleza, kadiri Kinshasa ilienda mbali. Makala hii ni ile maelezo, lakini sasa nataka wote wasikie, na zaidi wale wenye wanatuandikiaka barua za kutuita.

Wandugu, tupime kwanza, maana mutu hawezi kugombania kitu chenye hajapima.

Kamata karta, vuta kamba moja kwa moja toka uwanja wa Luano mpaka uwanja wa N'djili. Unapata karibu kilometa 1.550. Ndeke kubwa za siku hizi, zikishafika juu, zinakimbia kilometa karibu 800 kwa saa moja. Tia dakika za kupanda, tia dakika za kushuka na za kungojea ruhusa ya kutua, unapata saa mbili na robo, siku zingine saa mbili na nusu. Kama ndeke inatua kwanza Mbuji-Mayi ao Kananga kukamata watu, hesabu inabadilika kabisa. Hiyo njo hesabu ya wenye ndeke, na si ya uongo.

Sasa na kamba ile ile pima kwingine. Toka Lubumbashi mpaka Lusaka ni karibu kilometa 430. Mpaka Dar es Salaam, kule kwenye bahari ya mashariki, ni karibu 1.380. Maana yake Dar es Salaam ya Tanzania iko karibu na sisi kuliko Kinshasa ya Kongo. Nairobi ni sawa na Kinshasa. Johannesburg inazidi kidogo tu. Inchi yetu iko na kilometa za mraba zaidi ya 2.300.000, katika Afrika ni Algeria peke yake inatupita. Na muji wake mukubwa uko kule mangaribi kabisa, kwenye kando ya mto, na ng'ambo unaona Brazzaville na macho yako. Mutu wa Kinshasa anaona muji mukubwa wa inchi ingine mbele ya kunywa chai. Sisi, ili tuone muji mukubwa wa inchi yetu, tunalipa tiketi.

Kisha kuko saa moja yenye haionekani kwenye karta. Kongo iko na saa mbili. Katanga, Kasai, Kivu na upande wa Kisangani tunatumia saa moja. Kinshasa na provensi za mangaribi wanatumia ingine, yenye iko nyuma. Kwetu ikiwa 10 h 00, kwao ni 9 h 00. Basi mutu mwenye anatoka Luano 8 h 00 na kuruka saa mbili na robo, anatua N'djili 9 h 15 ya kwao, na anafikiri safari ilikuwa saa moja na robo tu. Ni wapi watu walitoa ile maneno ya "Kinshasa ni karibu"? Labda ni hapa. Lakini kwa kurudi, ile saa wanaikamata tena: unatoka kule 11 h 00, unatua Luano 14 h 15, na tumbo linasema njaa ya saa tatu na robo. Kinshasa haipatiake mutu kitu cha bure.

Hii saa moja inaonekana kitu kidogo. Ila ukiwa na neno la haraka, utaona. Biro za kwetu zinafungua 8 h 00. Unapiga simu Kinshasa: kule ni 7 h 00, hakuna mutu. Unangoja. Wakifungua, sisi ni 9 h 00. Kisha mangaribi wao wako wanaanza kusoma dosye yako wakati ofisi ya kwetu, yenye ilipaswa kuwatumia ile karatasi inakosa, imeshafungwa. Hivi kila siku ya kazi inapunguzwa asubui na inapunguzwa mangaribi, na hakuna mutu mwenye aliiba.

Nitasimulia safari moja. Ilikuwa juu ya watumikaji wenye kampani moja ilifukuza bila kuwalipa hesabu yao ya mwisho. Jina la kampani sitasema, dosye haijaisha. Hapa Lubumbashi tulifanya yote yenye sheria inaomba, tukafika fasi moja wakatuambia: neno hili linakatwa Kinshasa, mwende kule. Tukakamata feza ya kotizasio, tukatuma watu watatu. Mimi nilikuwa mumoja. Randevu: siku ya pili, 15 h 30, kwenye ofisi moja ya Gombe. Ndeke: siku ileile, 8 h 00. Tuliona tumefanya akili nyingi, tulikuwa na siku nzima mbele yetu.

Tulifika Luano 5 h 30. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Wakatuambia ndeke haijatoka Kinshasa. Saa sita ya muchana ikapita, watoto wakalia, mama mumoja akafungua bukari yake pale pale na akatugawia. Tulipanda 13 h 20. Tulitua 15 h 40 ya kwetu, ni kusema 14 h 40 ya Kinshasa. Mwenzetu mumoja akafurahi sana: "Munaona? Mungu ametupatia saa moja ya bure, tutafika!" Kisha tukangoja mizigo. Kisha tukaingia kwenye taksi, na taksi ikaingia kwenye boulevard Lumumba. Wenye wanajua ile barabara wanacheka sasa. Masina, motokari zimefungana. Limete, zimefungana. Tulifika Gombe 17 h 10, na zamu wa mulango akatutazama na ile shati zetu zenye kulowa jasho, akasema neno moja tu: "Bakei." Wameenda.

Kesho yake tukarudi asubui. Mukubwa mwenye alipaswa kutupokea hakukuwa. Alikamata ndeke ya kwanza kwenda kwa misio. Tukauliza misio ya wapi. Lubumbashi.

Sitaki kumusema vibaya, hakujua kama tunakuja nyuma ya mugongo wake. Lakini tulikaa pale tukingojea mutu mwenye alikuwa amelala kwenye muji wetu, labda karibu na biro yetu. Alirudi siku ya tano. Alitupokea dakika makumi mbili, na heshima, akatuambia dosye yetu iko muzuri, ila kuko karatasi moja yenye inapaswa kutiwa muhuri Lubumbashi.

Siku tano, watu watatu, dakika makumi mbili. Feza tulipanga ilikuwa ya siku mbili. Zile zingine tulilala chini kwa ndugu ya mwenzetu huko Masina, watu kumi na moja ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na bibi yake alitupikia bila kunung'unika. Mama yule nitamukumbuka siku zote. Mumoja wetu alikuwa mutumikaji wa kulipwa kwa siku. Zile siku tano hakuna mwenye alimulipa. Tulipofanya hesabu hapa, tiketi tatu za kwenda na kurudi, taksi, chakula, ilikula kotizasio ya miezi mine ya karieri nzima. Njo bei ya saa mbili na robo.

Mutu atasema: kama ndeke ni bei, muende chini. Sawa, tupime njia ya chini. Barabara ya taifa nambari 1 inatoka kwetu, inapita Likasi, Kolwezi, inapanda mpaka Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, mpaka Kinshasa. Kilometa zaidi ya elfu mbili, na kwa vipande vingi jina barabara ni heshima tu. Wakati wa mvua motokari inaweza kulala juma moja ndani ya tope moja, na dreva na mukonvoyere wake wanapanda muhogo pale, ni mchezo wa maneno, lakini si mbali na kweli. Reli nayo haifiki Kinshasa. Haijafika hata siku moja. Reli ilifika Lubumbashi, ile zamani waliita Élisabethville, mwaka wa 1910, na ilitoka wapi? Kusini, upande wa Rhodesia. Ilitoka kule kwenye shaba ilipaswa kwenda. Ni mwaka wa 1928 tu njo reli ya BCK ilifika Ilebo, kwenye mto Kasai, na toka Ilebo mpaka Kinshasa unapaswa kushuka na mashua. Mpaka leo ni vile.

Na ninasema hivi juu babu yangu alikuja na reli ile, toka Kasai, wakati Union Minière ilikuwa inatafuta watu wa kazi mbali. Walimukamata kwao, wakamuandika, wakamulisha njiani, wakamuleta mpaka kambi. Hakulipa hata franka moja. Kwa kuleta mikono ya kazi, umbali haujakuwa shida hata siku moja. Umbali unakuwa shida wakati ile mikono inataka kushika karatasi.

Tazameni shaba yenyewe. Kila siku malori yanapiga mustari Kasumbalesa, mustari yenye hauoni mwisho wake. Yanakatiza Zambia, mengine yanaenda Dar es Salaam, mengine yanashuka mpaka Durban. Ni maelfu ya kilometa, na kuko mipaka, na kuko mizani, na kuko madreva wenye wanalala chini ya lori usiku na usiku. Upande wa mangaribi wanatengeneza tena njia ya Lobito, reli yenye inapita Dilolo na kukata Angola nzima mpaka bahari. Watu wa kampani wanahesabu siku: njia hii inaleta siku ngapi, ile inapunguza siku ngapi, na wako tayari kutia feza nyingi ili shaba ipunguziwe siku moja ya safari. Sisi hatukatae. Shaba ikifika mbio, kazi inaendelea. Ila tunauliza: kwa dosye ya mujane, nani amekaa na kuhesabu siku?

Kuko wenye watasema: sheria ni sheria, muji mukubwa ni Kinshasa, na vitu vya inchi vinakatwa kule. Kwa hawa nitajibu na sheria. Sheria ya madini ya 2002 ilibadilishwa Mwezi wa 3 mwaka wa 2018. Kwa ile kodi ya madini wanaita redevansi, wakaandika hivi: kwa sehemu 100, 50 ni za serikali ya inchi, 25 za provensi, 15 za muji ao sekta kwenye karieri iko, na 10 za mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Na wakaandika kama sehemu ya provensi na ile ya muji inalipwa moja kwa moja kwao. Mbele ya hapo feza ilikuwa inapanda kwanza Kinshasa, na kurudi kwake ilikuwa safari ingine, yenye wengi hawakuona mwisho wake. Kama leo ile sehemu inalipwa vizuri ao inatumiwa vibaya, hiyo ni makala ya siku ingine, na tutaiandika. Leo ninataka paka hii: wakubwa walikaa Kinshasa, wakaona kama safari ya feza ni ndefu bure, wakaipunguza na kalamu. Hawakujenga barabara hata moja. Kwa kalamu tu walitosha kilometa 1.550.

Basi kalamu ile inaweza pia kupunguza safari ya mutumikaji.

Tena si neno mupya. Kanuni ya kazi ya 2002 inajua kwamba mwenye anaita mutu njo analipa safari: kampani yenye inaandika mutumikaji mbali na kwao, inalipa safari yake na ya jamaa yake mpaka pahali pa kazi. Ni ile roho ya babu yangu, sasa iko ndani ya sheria. Juu ya nini roho ile inakufa siku mutumikaji anaitwa Kinshasa juu ya hesabu yake?

Kwa haki inaomba kusema pia ya kwetu. Ndani ya sendika kuko wenye wanapenda safari hizi. Tunajuana. Mutu anapata ordere ya misio, anapiga picha pembeni ya ndeke, anarudi na viatu vipya, na ripoti ni mustari tatu: "Tumefika, tumepokelewa vizuri, mambo iko kwenye njia." Mwaka fulani, mimi sikuwa kati yao lakini nilinyamaza, na kunyamaza ni sawasawa, tulituma watu wanne juu ya karatasi yenye mumoja angeweza kubeba ndani ya mufuko wa shati. Mutumikaji wa usiku kwenye karieri anakatwa kotizasio yake kila mwezi bila kuulizwa. Yeye haulizake juu ya Gombe na hoteli. Kama tunasema Kinshasa inakula feza yetu, tuseme pia ni meno ya nani yanatafuna.

Wengine wananiambia: "Kiongozi, siku hizi umbali umekufa, kuko intaneti, mufanye mukutano na telefone." Ninakubali nusu. Mara mbili tulifanya mukutano vile. Mara ya kwanza moto ulikatika hapa dakika kumi kisha kuanza, na tuliporudi walikuwa wameshamaliza neno letu. Mara ya pili ilienda muzuri kabisa, tulisema yote, walisikia yote, na kwa mwisho wakatuambia: sawa, sasa mulete karatasi za kweli na mutie sinyatire hapa. Telefone inabeba sauti. Muhuri haujajifunza kupita ndani ya telefone. Siku ofisi za Kinshasa zitakubali kama karatasi yenye imetiwa muhuri na ofisi ya serikali ya Lubumbashi ao ya Kolwezi iko na nguvu ileile, siku ile mimi wa kwanza nitasema umbali umekufa.

Na mutu asikamate maneno yangu na kuyapeleka fasi sikuyatuma. Hii si Katanga juu ya Kinshasa. Tuko na wazee wenye wanakumbuka maneno ya namna hiyo ilileta nini, na ndani ya sendika yetu kuko watu wa kila provensi; mimi mwenyewe munasikia babu yangu alitoka wapi. Pima kamba toka Goma mpaka Kinshasa: ni karibu 1.560, sawa na sisi. Mwalimu wa Goma, mutumikaji wa Kisangani, wote wanaita Kinshasa saa mbili na wote wanalala uwanjani. Hata mutumikaji wa Kinshasa mwenyewe, wa Masina ao wa Kimbanseke, anaamuka usiku ili afike Gombe asubui. Mbali hapana provensi. Mbali ni mulango wenye unafunguka upande mumoja tu.

Sasa nafika kwenye neno lenye linanifanya niandike leo na si mwezi ujao. Barua imefika. Ofisi moja ya Kinshasa inaita sendika za madini kwa mukutano juu ya watumikaji wa sutretansi: mikataba yao, mishahara yao, usalama wao ndani ya karieri. Ni neno kubwa, ni neno lenye tulililia miaka mingi. Barua iliandikwa siku kumi na ine mbele ya kutufikia. Mukutano uko ndani ya siku tisa. Chini kabisa kuko mustari mumoja: safari na makao ni juu ya wenye wanaitwa.

Someni mustari ule vizuri. Kampani kubwa nyingi ziko na biro Kinshasa. Wao watatoka kwenye biro yao, watapanda motokari, nusu saa wameshafika, na avoka wao pembeni. Watumikaji wa sutretansi wako Kolwezi, Fungurume, Likasi, Lubumbashi, Kipushi. Mutu wa Kolwezi mwenye anapitia Luano anapaswa kwanza kufanya kilometa karibu 300, akiwa upande wa nyuma wa Kinshasa, kisha aruke juu ya Kolwezi yake tena. Wenye wanaongelewa watakuwa hapa, wenye wanaongea watakuwa kule. Na kisha watasema sendika waliitwa, hawakukuja.

Komite yetu imegawanyika. Wengine wanasema tusiende, tuandike barua ya kukataa. Mimi sikubali, kiti chetu kikikaa bure, mwingine atatia koti yake juu yake. Wengine wanasema tutume watu watano ili tuonekane. Sikubali pia. Mimi naomba tutume mumoja, na awe mutumikaji wa sutretansi mwenyewe, hapana sisi wazee wa biro. Na aende siku mbili mbele, juu sasa tunajua boulevard Lumumba. Na abebe barua moja yenye sendika zote za hapa zimetia sinyatire, yenye inaomba mambo haya tu: mukutano wa pili ufanyike Kolwezi ao Lubumbashi, na wakubwa wapande ndeke, ni saa mbili na robo tu, si mbali, karatasi za kazi, za pensheni na za ajali zipokelewe huku na siku yenye zimepokelewa huku njo ihesabiwe, na ofisi yoyote ao kampani yoyote yenye inapeleka neno la mutumikaji Kinshasa, ilipe safari yake na siku zake za kazi zenye anapoteza. Neno hili la mwisho tulitie pia ndani ya mapatano ya kazi na kampani, siku tutakaa kuyaandika upya. Tusingoje watupatie, tuliandike sisi wa kwanza na wao njo wajibu.

Mama wa mufuko wa plastiki, karatasi yake ile ya kweli tumeiona, ilikuwa kwa muajiri. Mutumikaji mwenye atachaguliwa ataibeba pamoja na barua yetu, na atangoje pale mpaka wamupatie muhuri wa kuipokea, hata kama inaomba siku ingine. Mama mwenyewe alituletea kifuko cha karanga kwa ajili ya njia. Tulimuambia ndeke inapatiaka watu chakula kidogo. Akasema: "Hapana kwa ndeke, baba. Ni kwa Luano, kwa kungojea."

Kura ya kuchagua mwenye ataenda ni siku ya posho, kwenye uwanja wa kambi, 15 h 00, saa ya Lubumbashi. Wenye wanatoka kazi ya usiku wasilale mbele ya kufika. Tutawangojea mpaka 16 h 00.